Hepesi: Kirusi kinachouawa na sabuni lakini kisichotoka mwilini

Bila shaka umewahi kumwona mtu aliyetokwa na malengelenge madogo madogo kando ya mdomo baada ya kuugua malaria au mafua makali. Huenda mtu huyo ni wewe mwenyewe. Ngozi huanza kuwasha na kuchoma, kesho yake hutokea vilengelenge vilivyojaa maji, kisha vinapasuka, vinafanya kigaga, na baada ya wiki moja hivi mambo yamekwisha. Wengi husema, "Ni homa inatoka." Hawajakosea sana, kwa maana homa ndiyo iliyoamsha. Lakini kilichoamshwa ni kirusi kilichokuwa kimelala ndani ya mtu huyo, pengine tangu alipokuwa mtoto mdogo.

Kirusi hicho huitwa hepesi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida huku Roret, katika mashamba ya chai ya Kericho yanayopakana na Bomet, na nimewatibu wagonjwa wa hepesi kwa miaka mingi. Aghalabu kinachowaumiza zaidi si kidonda, bali ni yale wanayofikiriwa na wenzao. Mama huwekewa kikombe chake peke yake jikoni. Kijana huogopa kuketi kwenye choo cha shule. Mume humrudisha mkewe kwao kwa sababu ya lengelenge lililotokea Jumatatu.

Mengi ya mambo haya hupata jibu mtu akijua kirusi chenyewe kimeundwa vipi: kimevaa nini nje, kimebeba nini ndani, na kinakwenda kujificha wapi. Basi leo tukimenye, tabaka kwa tabaka.

Koti la mafuta

Tuanze na ukubwa. Kirusi kizima cha hepesi kina upana wa nanomita 150 hadi 200. Ukivipanga kwa mstari mmoja utahitaji virusi 5,000 hivi kufikisha milimita moja. Ile hadubini ambayo fundi wa maabara hutumia kutafutia malaria katika damu yako haiwezi kukionyesha. Kinahitaji hadubini ya elektroni, mashine kubwa ambayo hutaikuta katika zahanati.

Tabaka la nje kabisa ni utando wa mafuta. Kirusi hakiutengenezi utando huo, hukiiba. Kinapotoka katika seli ya binadamu kilimozaliwa, huondoka kikiwa kimejifunika kipande cha utando wa seli hiyo, kama mwizi anayetoka nyumbani kwako amevaa koti lako. Juu ya koti hilo kimechomeka miiba ya protini ya aina zaidi ya kumi. Miiba hiyo ndiyo funguo zake. Kwa funguo hizo hushika seli nyingine, hufungua na kuingia.

Hapa ndipo penye udhaifu wake mkubwa. Kwa kuwa funguo zimo katika koti, na koti ni mafuta, chochote kinachoharibu mafuta hukiacha kirusi kikiwa hakina kazi. Sabuni ya kawaida, ile inayotoa mafuta kwenye sufuria, hulitoa na koti hili. Spiriti huliharibu. Dawa za klorini huliharibu. Joto la nyuzi 56 kwa nusu saa latosha kukimaliza, sembuse maji ya chai yanayochemka. Asidi ya tumboni hukiua. Hata kukauka tu juu ya meza hukidhoofisha, na kwa kawaida baada ya saa chache hakina tena nguvu ya kuambukiza mtu.

Linganisha na kirusi cha polio. Hicho hakina koti la mafuta. Kina ganda gumu tupu. Kwa sababu hiyo hupita tumboni bila kudhurika, hutoka na choo kikubwa, huingia katika maji ya kisima na kuwafikia watoto wa kijiji cha jirani. Hepesi hakiwezi safari kama hiyo. Hujasikia hata siku moja kwamba mlipuko wa hepesi umeletwa na maji machafu, na hutasikia.

Kwa hiyo kirusi hiki hakina budi kupitishwa kikiwa kibichi: mdomo kwa mdomo, ngozi kwa ngozi, mate mabichi, majimaji ya lengelenge lililopasuka. Kiti cha choo hakijathibitishwa kuwa njia ya kuambukizwa, na anayekuambia aliipata chooni ana sababu zake za kusema hivyo. Kikombe je? Iwapo mtu mwenye malengelenge mabichi mdomoni amekunywa sasa hivi, nawe ukapokea na kunywa hapo hapo mahali alipogusa, hatari ipo kidogo. Vivyo hivyo kwa mrija wa pombe ya kienyeji unaopitishwa kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine, na kwa wembe au rangi ya mdomo ya kuazimana. Lakini kikombe kilichooshwa kwa sabuni na kuanikwa ni cha nyumba nzima. Kumtengea mama kikombe ni kumwadhibu bure.

Ndugu mmoja wa ukoo huu, kirusi cha tetekuwanga, huonekana kuvunja kanuni, kwani husafiri hewani. Koti lake ni lile lile la mafuta. Tofauti ni kwamba virusi vyake hutoka kwa wingi mno katika malengelenge na pumzi ya mgonjwa, navyo huvutwa puani na wenzake darasani kabla havijapata nafasi ya kukauka.

Mpira wenye vipande 12 vyeusi

Chini ya koti pana tope la protini ambalo wataalamu huliita tegumenti. Sitakaa sana hapo. Itoshe kujua kwamba ni mzigo wa vifaa: kirusi kikishaingia katika seli, protini hizo hutangulia kuzima ulinzi wa seli na kuielekeza ianze kumtumikia mgeni.

Chini ya tope hilo ndipo lilipo ganda lenyewe, nalo ni jambo la kustaajabisha. Chukua mpira wa miguu wa kizamani, ule wa vipande vyeusi na vyeupe. Hesabu vipande vyeusi: ni 12, na kila kimoja kina pembe tano. Vyeupe vina pembe sita. Ganda la hepesi limeshonwa kwa mtindo huo huo, ila vipande ni vingi zaidi: 162 kwa jumla, vikiwamo 150 vya pembe sita. Vile 12 vilivyobaki vimekaa kwenye kona 12 za ganda, na kumi na kimoja kati yake vina umbo la pembe tano. Kona ya kumi na mbili si kipande cha kawaida. Ni lango.

Kupitia lango hilo huingizwa uzi wa DNA, ambao ndio kirusi hasa. Mengine yote ni vifungashio. Uzi wa hepesi wa midomo una herufi zipatazo 152,000. Ukinyooshwa, urefu wake ni zaidi ya mara 400 ya upana wa ganda linaloubeba. Kama ganda lingekuwa na ukubwa wa ule mpira wa miguu, uzi ulioshindiliwa ndani yake ungefika mita 90 hivi, karibu urefu wa uwanja mzima kutoka goli hadi goli.

Uzi ulioshindiliwa namna hiyo husukuma. Wanasayansi wamepima msukumo huo wakakuta ni karibu mara 18 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Tairi la gari dogo hujazwa mara mbili tu hivi. Msukumo huu una kazi yake. Ganda likishaingia katika seli, hubebwa hadi kwenye kiini na kutia nanga mlangoni. Lango hufunguka, na uzi hufyatuka wenyewe hadi ndani. Kirusi hakina injini wala misuli. Kimekuja kimeshategwa kama mtego wa ndege.

Umbo lililotambuliwa kwa macho

Ukoo mzima wa hepesi umevaa ganda hili hili, kiasi kwamba mtaalamu akiliona katika hadubini ya elektroni hulijua papo hapo. Jambo hilo lilileta ugunduzi mkubwa ambao chanzo chake ni hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto kwa kasi ya kutisha. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na katika wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein, ambaye alishuku mara moja kwamba huenda uvimbe huo unahusiana na kirusi. Baadaye mwaka huo huo Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari wakazunguka hospitali kutoka Uganda hadi Afrika Kusini kwa majuma kumi, mwendo wa kilomita 16,000 hivi, wakiuliza kila mahali: je, mnauona uvimbe huu? Majibu yalifuata miinuko ya nchi. Katika mabonde yenye joto na malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria, walijibiwa ndiyo. Katika nyanda za juu zenye baridi ulikuwa nadra. Hadi leo sisi wa nchi ya chai huuona mara chache kuliko wenzetu wa Kisumu na Homa Bay.

Epstein akawa akipelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa karibu miaka mitatu hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikapelekwa Manchester. Kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angedhani kimeoza akakitupa. Epstein aliyaangalia akakuta ni seli za uvimbe zilizo hai, zinaelea. Zikakuzwa maabarani. Mapema mwaka 1964 aliziweka chini ya hadubini ya elektroni na humo akaona lile ganda, mpira wa pembe pembe, umbo la hepesi ambalo hakuweza kulikosea. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alizima mashine akatoka nje kutembea kwenye theluji, akihofu kwamba mashine ingekiunguza alichokiona. Yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza habari hizo mwaka huo huo, na kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa cha kwanza duniani kuhusishwa na saratani ya binadamu. (Mzazi, taya la mtoto likivimba ghafla na meno kulegea, usingoje jino ling'olewe, mpeleke hospitali kubwa upesi, kwani uvimbe huu ukiwahiwa husikia dawa sana.)

Jamaa wa ukoo huu wanaoishi ndani ya binadamu ni tisa. Wawili ni hepesi ya kwanza, ipendayo midomo, na hepesi ya pili, ipendayo sehemu za siri. Wa tatu ni tetekuwanga. Wa nne ni Epstein-Barr tuliyemtaja. Yupo sitomegalovirusi, anayeweza kumdhuru mtoto tumboni, na wapo watatu wadogo wanaowaletea watoto homa na vipele. Wa mwisho ni kirusi cha saratani ya Kaposi, ile ya mabaka meusi ya ngozi, kilichogunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore huko New York, ingawa ugonjwa wenyewe ulijulikana Afrika Mashariki miaka mingi kabla.

Wanyama nao wana hepesi zao. Nyumbu wa Mara hubeba moja isiyowadhuru wao lakini inayoua ng'ombe, na mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Muguga, walithibitisha jambo ambalo Wamaasai walikuwa wakilijua kitambo, yaani kuhamisha ng'ombe wakati nyumbu wanapozaa. Ndama wa nyumbu hutoa kirusi hicho puani na machoni, lakini jua kali hukiua haraka. Lile koti la mafuta tena.

Kulala ndani ya neva

Sasa tufike penye fumbo. Kirusi dhaifu namna hii, kinachouawa na sabuni ya kufulia, kwa nini hakitoki mwilini?

Jibu ni kwamba kikishaingia huvua kila kitu. Kinapoambukiza mdomo, baadhi ya maganda huingia katika ncha za neva zilizo kwenye ngozi, nayo husafirishwa ndani ya neva kama mabehewa kwenye reli hadi kwenye kifundo cha neva kilicho ndani ya fuvu, usawa wa sikio. Hepesi ya sehemu za siri huenda kwenye vifundo vya chini ya uti wa mgongo. Huko uzi wa DNA huingia katika kiini cha seli ya neva, hujifunga ncha kwa ncha kama ushanga, na kunyamaza. Koti limeachwa mlangoni. Ganda limeachwa nje ya kiini. Kilichobaki ni uzi mtupu unaofanana na nyuzi za mwili wako mwenyewe. Askari wa mwili hawaoni protini ngeni ya kushambulia. Sabuni haifiki huko, wala spiriti, wala dawa.

Dawa yetu kuu ni asikloviri. Imo katika kundi la dawa zilizotokana na kazi ya Gertrude Elion, mwanasayansi wa Marekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ni chambo. Inafanana na herufi mojawapo ya DNA, lakini haiwi hai mpaka iwashwe na kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Kirusi kinapojinakili huiwasha, huichomeka katika uzi mpya, na uzi hukatikia hapo. Seli isiyo na kirusi haiwashi dawa hii ipasavyo, ndiyo maana madhara yake huwa machache. Lakini kirusi kilicholala hakitengenezi kimeng'enya, basi kidonge hupita kando ya nyumba yake bila kubisha hodi.

Kwa hiyo, msomaji, anayekuuzia mitishamba au vidonge vya "kung'oa hepesi kabisa" anakuuzia hewa. Na asikloviri iliyoanzwa siku ya nne, kigaga kikiwa kimeshakauka, ni pesa zilizopotea. Ianzwe mwasho wa kwanza unapohisiwa.

Kinachokiamsha ni homa, hasa malaria, uchovu, hedhi, huzuni nzito, na jua. Huku kwetu hewa ni baridi na watu hudhani jua halina makali, lakini kwa mchumaji anayesimama tangu asubuhi katika chai iliyo mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, miale humpiga mdomo barabara. Kofia pana humsaidia kuliko marashi mengi.

Nani alimwambukiza nani?

Miongoni mwa kesi zinazonikosesha usingizi ni za wenye ndoa. Mume huja na mkewe wakiwa wamenuna. Mke ametokwa na malengelenge sehemu za siri kwa mara ya kwanza. Mume anasema, "Daktari, mimi sina kitu. Nataka uandike kwamba ameyaleta mwezi huu." Pengine wazee wameshaitwa, na mizigo ya mke imeshafungwa.

Siandiki karatasi kama hiyo, kwa sababu hakuna daktari duniani awezaye kuiandika kwa haki. Uzi uliolala katika neva hauna tarehe. Mtu anaweza kuambukizwa leo akatokwa na malengelenge wiki ijayo, na anaweza kukaa miaka kumi bila dalili, kisha ujauzito au malaria ikakiamsha. Wengi walio na hepesi ya pili hawajui kamwe kwamba wanayo, nao huiambukiza ngozi ikiwa safi kabisa. Mume asiye na kidonda huenda ndiye aliyeileta, pengine kutoka uhusiano wa kabla ya kuoana. Tena hepesi ya kwanza, ile ya midomo, huweza kufika sehemu za siri kwa njia ya mdomo. Kipimo cha damu huonyesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Hakisemi lini, wala na nani.

Usidhani pia kwamba uko peke yako. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 walikuwa na hepesi ya kwanza, na milioni 520 wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na ya pili.

Hata hivyo si jambo la kupuuza. Hepesi ya sehemu za siri huweka ngozi wazi na kumrahisishia virusi vya Ukimwi njia. Palikuwa na matumaini kwamba asikloviri ingeziba njia hiyo. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba za Afrika kwa wenzi 3,408, ambapo mmoja wao alikuwa na virusi vyote viwili, ulijumuisha Nairobi, Thika, Kisumu na Eldoret. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: vidonda vilipungua sana, lakini maambukizi ya Ukimwi kwa mwenzi hayakupungua. Kwa hiyo mwenye vidonda hivi apimwe Ukimwi, na akikutwa nao aanze dawa za Ukimwi zenyewe. Asitegemee asikloviri kumlinda mwenzake.

Mkanda wa jeshi haukutani

Kirusi cha tetekuwanga nacho hulala, katika vifundo vilivyopangana kando ya uti wa mgongo. Kikiamka uzeeni au mwili unapodhoofika, hushuka na neva moja tu hadi kwenye ngozi na kuchora mshipi wa malengelenge yenye maumivu makali: mkanda wa jeshi. Watu husema mkanda ukizunguka kiuno na ncha zake kukutana, mgonjwa hufa. Sivyo. Kila neva hulisha nusu moja ya mwili na kukomea katikati, kwa hiyo mkanda kwa kawaida haufungi. Kinachohitajika ni kuwahi: asikloviri miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba, ianzwe katika saa 72 za kwanza kwa maelekezo ya daktari. Wengi hunijia siku ya sita wakiwa wamepakwa majivu na tope. Na kijana akipatwa na mkanda wa jeshi, apimwe Ukimwi bila kuchelewa.

Mtoto mchanga na jicho

Watu wawili hawana ruhusa ya kungoja. Wa kwanza ni mtoto wa chini ya mwezi mmoja. Kinga yake bado changa, na hepesi inaweza kumwingia ini na ubongo. Kogo, yaani nyanya, aliyetokwa na malengelenge mdomoni anapaswa kunawa mikono kwa sabuni ndipo ampakate mjukuu, na asimbusu mpaka vigaga vidondoke. Najua ni vigumu kumwambia mama mkwe maneno hayo. Mwambie ni amri ya daktari. Mjamzito aliyetokwa na malengelenge ya sehemu za siri kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua lazima awaambie wauguzi kabla ya uchungu kuanza, kwani huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji. Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa, degedege au lengelenge hata moja, ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Wa pili ni mwenye jicho jekundu. Hepesi ya midomo hukaa katika kifundo kile kile kinacholisha jicho, na mara nyingine hushuka kwa njia hiyo. Jicho moja huuma, hutoa machozi na kuchukia mwanga. Daktari akitia rangi maalumu na kumulika taa ya buluu, huona kidonda chenye matawi kama mti uliopukutika majani. Kikiwahiwa hupona. Lakini wengi hupitia kwanza dukani na kununua matone yoyote ya macho, na baadhi ya matone hayo yana steroidi. Steroidi huondoa wekundu kwa siku mbili tatu, mtu akafurahi, kumbe imewafunga mikono askari wa mwili na kirusi kinakula kioo cha jicho kwa raha zake. Nimeona macho yaliyobaki na makovu meupe kwa sababu hiyo. Jicho moja likiwa jekundu na lenye kuuma, usitie matone ya mtu mwingine wala ya dukani kabla halijamulikwa. Na kama umeshatia, njoo na hicho kichupa mkononi.